Kabla ya kuwalaumu mabinti wa siku hizi, ulizeni wodini kulitokea nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, na kama barua itakuwa ndefu mtanikatia mnapoona panafaa, ila msinikatie katikati maana huko ndiko kwenyewe.

Nimesoma ile makala yenu ya wiki iliyopita kwamba mabinti wa siku hizi hawataki kunyonyesha, eti wanaogopa matiti kulala, eti wanawahi kurudi kwenye mambo yao, eti kope za kubandika na kucha ndefu haziendani na mtoto mchanga. Hapo kwenye kucha nilicheka, alafu nikakasirika. Mimi ni nesi mkunga mstaafu, nimefanya leba, nimefanya wodi ya wazazi, na miaka ya mwisho nilikuwa kliniki ya mama na mtoto kule kwenye mizani na chanjo, na mpaka leo mabinti wa mtaani wakijifungua wananifuata nyumbani na kadi zao mkononi. Wa kuniambia sinyonyeshi kwa sababu ya urembo ni wa kuhesabu kwa vidole. Wengi wanakuja wanalia. Wanataka kunyonyesha, imewashinda, na maneno yao ni yale yale, nesi maziwa hayatoshi.

Sasa mimi nasema hivi, hayo maziwa yasiyotosha mara nyingi yameanza kutotosha hospitali, zile siku mbili za mwanzo, kabla hata binti hajafika kwao. Akifika nyumbani sisi tunaona matokeo tu alafu tunamsema yeye.

Nitoe mfano wa binti mmoja, jina lake na hospitali yake naviacha. Alikuja na mama mkwe wake, mtoto ana wiki sita, kapungua kasi ya kuongezeka uzito, mstari kwenye kadi umelala. Shikamoo, marahaba mwanangu, kaa, huyu anakula nini? Ananyonya nesi ila hashibi, kwa hiyo mama ananisaidia na maji ya sukari, na usiku tunampa maziwa ya kopo. Mama mkwe naye hakungoja kuulizwa, akadakia hapo hapo, "matiti ya huyu makavu nesi, hata dada zake wako hivyo hivyo." Nikasema sawa, mnyonyeshe hapa hapa nimuone. Akampakata mtoto amelala chali, shingo imegeuzwa upande, mdomo umeshika ncha ya chuchu tu, mashavu yanaingia ndani, na unasikia anafyonza hewa kuliko maziwa. Alipoachia, chuchu ilikuwa bapa, imebanwa, ina mstari mweupe katikati na pembeni pamechubuka. Hapo hata kama ana maziwa ya kulisha mapacha mtoto hayapati, na kila akinyonya mama anaumia, kwa hiyo anakwepa, anasubiri kidogo, anampa kopo kwanza.

Tukamgeuza mtoto, tumbo lake kwa tumbo la mama, kichwa na mgongo mstari mmoja, pua usawa wa chuchu, tukasubiri mpaka apanue mdomo mkubwa kabisa ndio tukamsogeza, kidevu kikagusa titi. Akafyonza haraka haraka, baadaye akapunguza, tukaanza kusikia anameza. Mama mkwe akanyamaza, na kama mnamjua mama mkwe wa Kiswahili mtajua hiyo ni kazi kubwa.

Ndipo nikamuuliza swali ambalo huwa namuuliza kila mmoja, mara ya kwanza alinyonya lini? Kesho yake. Kwa nini kesho yake? "Nilipasuliwa usiku, nikawa na usingizi wa dawa, mtoto wakamchukua chumba cha watoto, walikuwa wanampa maziwa kwa chupa, asubuhi nilipoletewa akawa hataki titi analia tu." Na nani alikuonyesha namna ya kumshika? "Hamna, nesi alipita akasema mnyonyeshe."

Mnyonyeshe. Basi, hiyo ndio elimu yote aliyopewa, na mwandishi wenu akikutana na huyu binti miezi miwili mbele na kopo mkononi ataandika kwamba ni wa kisasa.

Kwa wasiojua maziwa yanakujaje nieleze kidogo maana watu wengi wanafikiri ni bahati ya mtu au ukoo. Kondo la nyuma likishatoka, homoni zilizokuwa zinayazuia maziwa zinashuka, na kati ya siku ya pili na ya nne maziwa yanajaa, hiyo inatokea kwa wanawake karibu wote hata kama mtoto hajanyonya. Kabla ya hapo kuna yale ya mwanzo, mazito ya njano, ni kidogo, vijiko tu, lakini tumbo la mtoto wa siku moja nalo ni dogo mno kwa hiyo yanamtosha, na ndani yake kuna kinga ambayo hakuna kopo linayo. Shida ni kwamba ndugu wakija kumuona mzazi wanaminya chuchu, wanaona matone, wanahukumu hana maziwa. Baada ya hizo siku za mwanzo habari inabadilika, titi linaanza kutengeneza kulingana na kinachotoka. Ni kama mama wa genge, nyanya zikiisha mapema kesho analeta tenga zima, zikilala anapunguza. Mtoto mchanga anatakiwa anyonye mara nane mpaka kumi na mbili kwa masaa 24, na usiku ndio usiachwe kabisa maana ndio prolaktini, ile homoni ya kutengeneza maziwa, inakuwa juu. Sasa wewe umempa glukosi saa mbili usiku, umempa kopo saa sita, kalala mpaka alfajiri, titi limekaa limejaa na limeshapokea ujumbe kwamba wateja hamna. Fanya hivyo siku mbili tatu za mwanzo na unakuwa umetengeneza kwa mikono yako huyo mama asiye na maziwa.

Na wodini haya hayafanywi kwa ubaya, yanafanywa kwa mazoea. Mtoto katoka, kalia vizuri, hana tatizo lolote, lakini anakimbizwa kwenye meza akapimwe, avalishwe, afungwe kanga, aandikwe kwenye faili, hapo mama anashonwa, na lile saa la kwanza limeisha. Mtoto akiwekwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi tu na kufunikwa, bila kusukumwa na mtu, anaanza mwenyewe kulamba midomo, anajivuta, anatafuta chuchu, mimi nimeyaona sana na bado yananishangaza. Mizani inaweza kusubiri. Kuoga nako kunasubiri, shirika la afya duniani linasema angalau masaa 24, lakini kuna sehemu bado mtoto anaogeshwa kwanza ndio aonyeshwe mama, kwa sababu wageni wanakuja na tunataka anukie poda.

Upasuaji ndio balaa zaidi. Mama kalala chali na dripu mkononi, kidonda kinauma, hawezi kugeuka mwenyewe kitandani, na maziwa kwa waliopasuliwa mara nyingi huchelewa kujaa kuliko kwa waliojifungua kawaida, kwa hiyo huyo ndio alihitaji msaada mara mbili na ndio anapata nusu. Wengi siku hizi wanachomwa sindano ya mgongo, wako macho, mtoto angeweza kuwekwa kifuani hapo hapo mezani au chumba cha kuamkia, kinachotakiwa ni mtu mmoja wa kumshikilia tu. Na tukumbuke upasuaji unaongezeka, utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa 2015/16 ulikuta kama asilimia 6 ya watoto wanazaliwa kwa upasuaji, ule wa 2022 ukakuta 11.

Alafu kuna hospitali za kulipia, huko ndio utakuta chumba kizuri, kiyoyozi, na mtoto analala kwingine ili mama apumzike. Nia njema, lakini mama anayepumzishwa na mtoto wake usiku kucha anaamka na matiti magumu yanawaka na mtoto aliyeshibishwa na chupa. Na lile kopo alilopewa hospitali baba analikumbuka jina, anaingia duka la dawa kutafuta lile lile, kwake ni kama daktari kaandika. Linanunuliwa kopo la kwanza kwa mbwembwe, la pili kwa kukopa, na halimalizi wiki, mpaka mwezi wa tatu watu wameanza kuzimua, kijiko kimoja pale panapotakiwa vitatu, mtoto anakunywa maji meupe. Kanuni za kimataifa za kudhibiti biashara ya maziwa ya kopo ziko tangu 1981 na Tanzania tuna kanuni zetu zinazokataza kuyatangaza na kuyagawa bure hospitali, lakini kanuni haiwezi kukataza mazoea ya mtu wa zamu anayetaka watoto wanyamaze.

Watu wataniambia nesi unazidisha, mama akiamua kunyonyesha ananyonyesha tu popote alipozaa. Haya, twende Belarusi, nchi ambayo zamani ilikuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti na desturi ya hospitali za kule ilikuwa mtoto anafungwa nguo gubigubi, anawekwa chumba chake, analetwa kwa mama kwa saa maalum kama dawa. Mwaka 1996 na 1997 watafiti wakiongozwa na Dokta Michael Kramer wa Chuo Kikuu cha McGill Kanada walichukua hospitali za uzazi 31 na kliniki zake, wakazigawa kwa bahati nasibu, upande mmoja wafanyakazi wafundishwe ule utaratibu wa hospitali rafiki wa mtoto, yaani wa kumsaidia mama anyonyeshe tangu mwanzo, upande mwingine waendelee kama walivyozoea. Mama na watoto zaidi ya elfu 17, na angalieni hapa, wote walikuwa wameshaanza kunyonyesha, pande zote mbili, hamna wa kope wala wa kucha. Miezi mitatu ilipofika, upande uliobadilishwa asilimia 43 walikuwa wananyonyesha maziwa ya mama pekee, upande wa mazoea asilimia 6. Sita! Mwaka mmoja ulipofika bado asilimia karibu 20 walikuwa wananyonyesha upande wa kwanza, na 11 upande wa pili. Na watoto waliougua tumbo ndani ya mwaka huo wa kwanza walikuwa 9 katika kila 100 huku na 13 kule. Akina mama ni wale wale wa nchi ile ile, tofauti ni walivyofanyiwa wodini na walivyoendelezwa kliniki.

Na huo utaratibu wenyewe sio siri wala sio wa jana. Zile hatua kumi za kulinda unyonyeshaji shirika la afya duniani na UNICEF walizitoa 1989, mpango wa hospitali rafiki wa mtoto ukaanza 1991, ukafanyiwa marekebisho 2018. Hata kabla ya hapo, Ufilipino kwenye mji wa Baguio, daktari mama mmoja Natividad Relucio-Clavano aliamua katikati ya miaka ya 1970 kufunga kile chumba cha watoto, watoto wote wakalala na mama zao, matangazo ya maziwa ya kopo yakatolewa ukutani, na kunyonyesha kukapanda na vifo vya wachanga kwa maambukizi vikashuka. Hakununua mashine yoyote.

Kwetu pia tusijidharau, tumepiga hatua. Mwaka 2015/16 watoto walionyonya ndani ya saa la kwanza walikuwa kama nusu, 2022 wamefika asilimia 70. Wanaonyonya maziwa ya mama pekee chini ya miezi sita walikuwa asilimia 59, sasa 64. Na mwanamke wa Kitanzania kuacha kunyonyesha kabisa mapema sio kawaida yake, wengi wanafika mwaka na nusu na zaidi, kinachotuumiza ni huo mchanganyiko, maji, glukosi, dawa ya chango, uji wa mwezi wa tatu. Sasa ongeza hili, mwaka 2010 nusu tu ya wajawazito walikuwa wanajifungulia kituoni, 2022 ni asilimia 81. Maana yake zamani ubaya au uzuri wa wodi ulikuwa unawagusa nusu, leo unawagusa karibu wote. Bibi zetu wa nyumbani walikuwa na makosa yao, maji ya vuguvugu walikuwa wanayatoa mapema sana, lakini mtoto alikuwa halali mbali na mama hata usiku mmoja.

Kuna wengine walisema shida ni kazi. Ni kweli kwa baadhi, sheria ya ajira ya 2004 inampa mama siku 84, mia moja akizaa mapacha, na akirudi anastahili masaa mawili kwa siku ya kwenda kunyonyesha, waajiri wengi wanajifanya hawajui na mama lishe wala mwenye genge hahusiki nayo kabisa. Lakini yule binti wangu wa wiki sita alikuwa bado yuko nyumbani anakunywa uji wa pilipili manga. Kazi haijamfikia na maziwa yameshakatika.

Niwatetee pia manesi wenzangu kabla hawajanishukia. Zamu ya usiku mtu mmoja au wawili, leba imejaa, huku mmoja anatokwa damu, kule mtoto hapumui, wodini wazazi wawili kitanda kimoja, nani atakaa nusu saa kumuonyesha binti kushikisha titi? Na aliyejifungua salama jioni, asubuhi anaruhusiwa maana kitanda kinatakiwa, ingawa mwongozo unasema akae angalau masaa 24. Kwa hiyo anaondoka bila mtu yeyote kumuona akinyonyesha hata mara moja. Hilo siwezi kumlaumu nesi, ila naweza kuulaumu utaratibu unaowazuia ndugu. Saa ya kuona wagonjwa ukifika pale getini utawakuta mama na mashangazi wamejipanga na machupa ya chai, mabeseni na vitenge vipya, wanawake waliozaa na kulea, mlinzi anawapanga foleni kama wanaingia benki, anaruhusu mmoja mmoja, dakika chache, toka. Kwa nini mmoja wao asifundishwe pale pale wodini na aachwe akae? Nesi akionyesha mara moja kwa wazazi sita na ndugu zao sita waliokaa duara, kazi imefanyika, na yule mama mkwe anarudi nyumbani ameshasikia kutoka kwa mwenye gauni jeupe kwamba matone ya siku ya kwanza yanatosha.

Wapo watoto wanaohitaji kuongezewa kweli, njiti, anayeshuka sukari, mwenye manjano aliyelegea hawezi kuvuta, hao wasaidiwe haraka, ila ya kwanza yawe ya mama yake mwenyewe, akamuliwe ndani ya masaa ya mwanzo na apewe kwa kikombe, na aendelee kukamua mchana na usiku ili lile titi lisizime. Na mama mwenye virusi vya UKIMWI anayetumia dawa zake vizuri naye ananyonyesha, tena huyo ndio asichanganye kabisa miezi sita ya mwanzo, wakati bado nasikia wanaambiwa vitu viwili tofauti kwenye jengo moja.

Ombi langu Mhariri. Siku mwandishi wako akiirudia hii mada asianzie saluni, aanzie hospitali, za serikali na za binafsi. Aulize mtoto akizaliwa anawekwa kifuani kwa mama saa hiyo hiyo au anapelekwa mezani kwanza, na aliyepasuliwa je. Aulize mtoto analala wapi usiku. Aulize nani anaamua apewe glukosi au kopo, mama anaulizwa au anakuta ameshapewa, na inaandikwa sababu kwenye faili? Aulize kabla ya kusaini karatasi ya kuruhusiwa kuna mtu anamuangalia mama akinyonyesha mpaka mtoto asikike anameza, na akipata shida siku ya tano usiku anampigia nani. Majibu myachapishe na majina ya hospitali, kama mnavyochapisha bei za mafuta. Wajawazito na waume zao watayasoma, na wenye hospitali watayasoma zaidi, hasa wale wa kulipia ambao mbao zao za matangazo zimejaa bei za vyumba na hakuna hata mstari mmoja unaosema watoto wangapi mwezi uliopita walinyonya ndani ya saa la kwanza. Hiyo namba wanayo, iko kwenye rejista ya leba, kuna safu yake kabisa, mimi nilikuwa naijaza.

Wako,
Nesi mkunga mstaafu,
Morogoro